Vanishi Iliyobaki

Flemingdon Park, Toronto
28 Septemba 2008

Mwanangu Tumsifu,

Shikamoo yako uliyompa dada yako Elinaza kwenye simu imenifikia, marahaba baba. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Simu sipigi mwenyewe kwa sababu ile kadi inakatika katikati ya neno, na nyumba ya dada yako ina kuta nyembamba, ukinong'ona sebuleni mpaka Msomali wa ghorofa ya juu anajua. Barua haina haraka. Ukikuta mwandiko umelala ujue hapo nilikwenda kugeuza ndizi jikoni.

Nimepata kazi. Siku tatu kwa wiki nasafisha kwa mzee mmoja Mhindi anaitwa Sadrudin, huko juu Richmond Hill, mabasi mawili na treni. Usishtuke habari ya mabasi, Elinaza ameniandikia kikaratasi, namwonyesha dereva kama mtoto aliyepotea sokoni. Na huyu mzee ni wa kwetu. Kazaliwa Moshi mjini, nyuma ya duka la baba yake, akaondoka na mkewe mwaka wa sabini na mbili. Mke amefariki. Kiswahili chake cha zamani, anasema tafadhali mpaka kwa paka.

Sasa kazi yake. Nilipoingia mara ya kwanza nilitaka kugeuka nirudi. Chumba kizima cha bunduki, ziko ndani ya makabati ya chuma yenye kufuli, nyingi za mitutu miwili kama ile ya marehemu baba yako. Nikamwuliza, "Mzee, tunajiandaa na vita?" Akacheka hadi akakohoa. Kumbe hata njiwa hapigi. Watu wanamletea bunduki za babu zao, anazimulika kwa kurunzi na kuzitazama kwa lenzi, kisha anawaambia hii ipo kama ilivyotoka kiwandani, au hii imeguswa. Wanamwamini kama daktari. Mwingine alitoka na bunduki yake mwezi huu macho mekundu, mtu mzima yule, na koti la ngozi.

Siku ya kwanza akaniambia, "Mama Tumsifu, wewe futa sakafu, futa madirisha. Humu ndani chenye umri kukuzidi usikisugue." Nikacheka, nikamwuliza kwa nini. Akanieleza. Sikucheka tena, lakini hayo tuyaache.

Otilia anaendeleaje na tumbo? Asibebe mkungu wa ndizi, hata mdogo. Asikalie sakafu ya simenti. Mtori anywe asubuhi, akikataa mwambie nimesema mimi. Na akiwa wa kiume ni Valerian, nasema mapema asije mjomba wako akaleta jina la kwake. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, hilo halina kikao.

Jambo la mwisho. Bunduki ya baba yako iache ukutani ilipo. Usimpe mtu aitazame.

Mimi mama yako,
Asumpta


Kibosho, Moshi
9 Novemba 2008

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza furaha: Otilia amejifungua salama tarehe mbili, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, analia kama kengele ya shule yangu. Mtori anakunywa, nimemwambia umesema wewe.

Barua yako ilinikuta nimekwisha kuitoa bunduki. Mwaka huu imetoka amri ya uhakiki wa silaha. Miaka yote nilikuwa nalipia kibali dirishani tu, lakini sasa kila mwenye silaha aliambiwa aipeleke kituoni mwenyewe. Nikaipeleka nimeifunga kwenye blanketi, nikijisikia mtoto wa mtu. Wewe unajua jinsi tulivyolelewa na habari ya hii bunduki, kwamba shamba la kahawa lilipotaifishwa, Bwana Manoli Mgiriki alimkabidhi baba kwa mkono wake, kwa sababu alimlindia mali yake miaka kumi na saba bila kupotea hata debe.

Kuna fundi wa silaha pale, Afande Yusuph, mtu wa Tanga, mpole. Aliigeuza mara mbili akanitazama. Akasema, "Mwalimu, hii imechunwa." Akanionyesha niliyokuwa nikiyaona kila siku nikidhani ni uzee tu. Weusi wa mitutu umeondolewa wote. Nakshi za ubavuni zimelika hadi ndege aliyechorwa pale hana kichwa. Chuma chenye namba kimesuguliwa, tarakimu mbili tu zinasomeka. Kisha imepakwa vanishi nzito kila mahali, imegandana hata haifunguki, na alipotaka kuivuta aliogopa kuivunja. Nikamwuliza mtu atafanyaje hivyo bunduki nzuri. Akasema, kwa uzoefu wake, namba husuguliwa na mtu ambaye silaha si yake. Hakusema wizi. Hakuhitaji kusema.

Wameizuia kituoni mpaka nieleze ilikotoka. Kibali cha zamani hakionekani, risiti za kila mwaka zina jina tu, na daftari la wakati ule haliwezi kutafutwa bila namba.

Mama, wewe mwenyewe uliniandikia nisimpe mtu aitazame. Ulijua nini? Baba alipewa bunduki ile, au aliichukua?

Mtoto hana jina bado. Ubatizo ni Jumapili baada ya Pasaka. Siwezi kumvika jina ambalo nitakuwa naogopa kuulizwa habari zake. Otilia anataka tumpe la baba yake, nami sijamkatalia.

Mwanao,
Tumsifu


Flemingdon Park, Toronto
14 Desemba 2008

Mwanangu Tumsifu,

Mungu ashukuriwe kwa huyo kengele. Nimelia kwenye basi mpaka mama mmoja akanipa kitambaa. Nimemtumia sweta mbili na kofia kwa mkono wa rafiki wa Elinaza anayekuja kwa Krismasi. Kofia ni kubwa, hiyo ni ya mwakani. Kitovu chake kimekauka? Msipake kitu.

Huku theluji imefika magotini. Binti wa Elinaza namwambia kwa Kiswahili avae viatu, ananijibu kwa Kiingereza kwamba hana baridi, tunaelewana hivyohivyo.

Baba yako alikuwa mtu safi, Tumsifu. Kumbuka alivyorudisha kuku wa jirani usiku wa mvua. Kumbuka alivyokataa kupokea mbao za padri bila karatasi.

Nimemwuliza Mzee Sadrudin mambo machache, nikasema ni bunduki ya jirani yangu wa zamani. Alinieleza vizuri. Anasema kiwandani yale mabaka ya rangi kwenye chuma cha katikati, kati ya mbao na mitutu, yanawekwa kwa moto, chuma kinazikwa kwenye mkaa wa mifupa kisha kinatumbukizwa majini, kinatoka na bluu na kahawia na zambarau kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Rangi ile ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ikitoka imetoka. Mtu akiipaka upya yeye anajua, inang'aa kupita kiasi. Anatazama na kingo, kiwandani zinaachwa kali, aliyesugua anaziacha za mviringo kama sabuni iliyotumika. Anapitisha kidole mahali mbao inapokutana na chuma. Mbao ya kiwandani husimama juu kidogo ya chuma, unyoya tu. Ikiwa imeshuka chini ya chuma, hapo msasa umepita. Na parafujo, ufa wake ukiwa umetafunika, kuna mtu aliingia na bisibisi ya jikoni.

Lakini anasema pia kwamba kuchakaa si kuharibika. Pale panaposhikwa na mkono kila siku panapoteza weusi, na wanaojua hupapenda. "Huo ni mkono wa mwenyewe," anasema. "Huo tunauheshimu."

Msimpe mtoto jina kwa haraka. Pasaka bado mbali. Mpakate kwa niaba yangu, shingo uishike.

Mama yako,
Asumpta


Kibosho
18 Januari 2009

Mama,

Shikamoo. Sweta zimefika, zinamtosha, na kofia imewekwa.

Umeniandikia kurasa nne. Nimezisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Umenieleza mifupa na kitunguu na bisibisi, hujanijibu nilichokuuliza. Hukuwahi kuninyima jibu. Hata baba alipofariki ni wewe uliyekuja seminari kuniambia mwenyewe, hukumtuma mtu.

Picha ya baba nimeigeuza ikatazama ukuta. Sijivunii, lakini nimeshindwa kula mbele yake.

Kama ni jambo la aibu niambie tu. Nitabaki mwanao.

Tumsifu


Flemingdon Park, Toronto
22 Februari 2009

Tumsifu baba,

Aliyeisugua ni mimi.

Nimeandika mstari huo nikaenda kufua, nikarudi nikaukuta bado upo. Basi niendelee.

Ilikuwa siku tatu kabla ya arobaini ya baba yako. Wewe ulikuwa umerudi seminari, ukaja siku yenyewe tu. Ukoo wote ulikuwa unakuja, na shangazi zako unawajua, walikuwa wanajitazama nywele kwenye sufuria zangu. Mimi darasa la nne, sina jingine la kusifiwa, ni hizo sufuria. Nikasema hawatanikuta mjane mchafu. Nikasugua vyombo, ndoo, taa, nikasugua hadi jembe. Nilipomaliza mikono haikutaka kutulia. Ndipo nikaiona bunduki ukutani, mitutu myeusi, chuma cha katikati kina mabaka. Nikaona kutu. Nikaona moshi wa jiko langu umeiharibu mali ya marehemu.

Nikaiteremsha nikaenda nayo mferejini. Majivu, mchanga na stilwaya. Nilikaa pale toka asubuhi hadi jua likapinduka. Maji yakatoka meusi, nikafurahi kama mtu anayefua. Na nililia, Tumsifu. Hiyo ndiyo siku niliyolia, maana mtu anayesugua haulizwi. Ile namba ilikuwa imeshika uchafu kwenye vishimo vyake, nikaikazania hapo zaidi ya pengine.

Kisha mbao. Ilikuwa na mahali peusi pa mkono wake, na pengine pa shavu lake alipokuwa akilenga. Nikapiga msasa mpaka pakawa peupe. Mzee Sadrudin aliposema lile neno la mkono wa mwenyewe, nilitoka nje kwenye theluji bila koti, nikamdanganya kwamba natupa taka. Nilifuta shavu la baba yako kwa mkono wangu.

Fundi aliyetengeneza jeneza alikuwa ameacha nusu kopo la vanishi. Niliona kulitupa ni kumtupa Valerian. Nikaipaka bunduki, mbao na chuma, nikapaka kwenye maungio yote, tabaka tatu, mpaka kopo likaisha. Watu walipokuja wakasema bunduki ya Valerian imekuwa mpya. Nikaona fahari, baba. Nimekaa na fahari hiyo miaka kumi na miwili, hadi siku ya kwanza niliyoingia kwa huyu mzee akaniambia kwa nini hatusugui.

Ulipoandika kwamba umemdhania baba yako nilipaswa kukujibu siku ileile. Niliogopa. Wewe ni mwalimu, nikaona utasema mama yangu ni mjinga. Nikamwacha marehemu abebe, kwa kuwa yeye hasikii. Hilo la pili ndilo baya, la bunduki lilikuwa upendo tu.

Ijumaa nilimwambia mzee. Nikasema, "Ile bunduki si ya jirani."

"Najua," akasema. "Hakuna anayemwulizia jirani maswali manane."

Nikamweleza yote, mpaka jeneza. Hakucheka. Akaweka birika motoni, akatafuta iliki muda mrefu kuliko inavyohitaji. Kisha akaniuliza, "Ile mbao ndogo ya mbele, iliyo chini ya mitutu, uliifungua?"

"Sikujua inafunguka."

Akaweka kikombe chini. "Hukuifungua kabisa? Stilwaya haikuingia ndani?"

"Mzee, nimekwambia sikujua."

"Basi tushukuru kwa usichokijua, Mama Tumsifu."

Sasa sikiliza vizuri, nimeandika alivyoniambia neno kwa neno. Namba ya bunduki haiko mahali pamoja tu. Kiwanda kilipiga namba ileile kwenye chuma kilicho ndani ya mbao ya mbele, na chini ya mitutu, mahali bapa pasipoonekana mpaka mitutu itolewe. Vanishi yangu imefunga mlango tu. Mwambie Afande Yusuph asipige nyundo wala asitie bisibisi. Achukue spiriti, adondoshe tone tone kwenye maungio, afunike kwa kitambaa, siku mbili. Vanishi ya mafundi wa majeneza inayeyuka kwa spiriti. Akifungua, namba itakuwepo. Mkiwa na namba mtafute daftari la mwaka wa sabini na nne, baba yako na Bwana Manoli walikwenda kituoni pamoja, niliwafungia chakula mimi.

Mwambie Otilia ukweli huu, nisionekane mbele yake mtu ambaye siye. Na ile picha igeuze. Aliyestahili kutazama ukuta ni mimi.

Mama yako,
Asumpta


Kibosho
26 Aprili 2009

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako ilinikuta darasani, nikawapa watoto hesabu ishirini ili nisome. Walizimaliza kabla yangu. Jioni nilimsomea Otilia. Akamhamishia mtoto bega la pili, akasema, "Mimi mama yangu alipofariki nilisugua kuta."

Nilimpelekea Afande Yusuph karatasi yako kama ilivyo. Aliisoma akauliza, "Mama yako ni fundi wa silaha huko Kanada?" Nikamwambia ni fundi wa sufuria. Tukafuata maneno ya Mzee Sadrudin, tone tone, kitambaa, siku mbili. Siku ya tatu akashika ile mbao kwa viganja viwili, akaipasha moto kidogo kwa mikono, akavuta. Ikatoa sauti kama mfuniko wa mtungi wa asali.

Mama, rangi zipo. Bluu, zambarau, kahawia ya maganda ya kahawa, zote, mbichi, kama dimbwi lile uliloniandikia. Kipande cha vidole vitatu tu, lakini baada ya ile nje iliyochunwa nilikiinamia mpaka nikamzibia afande mwanga. Afande Yusuph aliita wenzake waje waone. Mafuta ya ndani yalikuwa bado laini. Akasema, "Aliyekuwa nayo alikuwa akiifungua na kuipangusa mara kwa mara, alijua kazi. Mwizi hana subira hiyo." Kisha akanitazama akasema, "Nilikosea mbele yako, mwalimu. Nimeona vanishi nikadhani nimeona mtu."

Namba ni 61847, mahali pote palipoandikwa, bila kupungua hata tarakimu. Daftari lilichukua wiki moja kupatikana, panya wamekula jalada. Julai 1974. Kutoka kwa Bwana Manoli kwenda kwa Valerian, mlinzi, kwa hiari, na sahihi mbili. Ya baba ameandika kwa herufi kubwa moja moja, kila moja imesimama peke yake kama askari. Karani aliniruhusu niiguse kwa kidole, na kituo kikanirudishia bunduki.

Ubatizo ulikuwa Jumapili iliyopita. Padri aliuliza jina, na Otilia akawahi kabla yangu: Valerian. Mjomba alikuwa na jina lake mfukoni, kalirudisha.

Picha inatutazama. Lazima nikwambie kwamba tangu Januari mimi nilikuwa naigeuza jioni, na kila asubuhi naikuta imegeuzwa tena. Nilidhani ni Otilia. Ameniambia wiki hii ni yeye kweli, alikuwa akiamka kunyonyesha.

Umeandika kwamba nikisoma nitasema mama yangu ni mjinga. Nilichosema ni kwamba sikuwahi kujua ulilia wapi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikakuona kwenye arobaini macho makavu, nikaondoka na hasira. Sikukwambia. Sasa tumeambiana.

Afande Yusuph anamjua mtu Arusha anayeweza kuipiga weusi mpya na kuchora upya kichwa cha ndege. Nifanyeje?

Mwanao,
Tumsifu


Flemingdon Park, Toronto
24 Mei 2009

Mwanangu, baba Valerian,

Sasa na mimi nina mtu wa kumwita hivyo.

Barua yako nilisomewa na nikaisoma. Nilimpa Mzee Sadrudin aisome kwa sauti kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa, na yeye naye alifika kwenye zile herufi zilizosimama kama askari akasema kurunzi yake inamwumiza, wakati haikuwa imewashwa.

Nimemwuliza habari ya Arusha. Kasema wanaokusanya bunduki hawataitaka ile kwa vyovyote, nje imekwisha, na akiguswa tena yule ndege hatakuwa wa kiwanda wala wangu, atakuwa wa mtu wa Arusha. Basi iache. Vanishi isiyofunga kitu ibaki. Ile mbao ya mbele ifungue mara moja kwa mwaka, tarehe tuliyofanya arobaini ya baba yako, tia mafuta kidogo, mwonyeshe mtoto zile rangi, funga. Akikuuliza kwa nini nje haifanani na ndani mwambie nje alipita bibi yako, na siku hiyo alikuwa na huzuni.

Picha ya ubatizo imefika. Nimeipeleka Richmond Hill kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Mzee alikuwa na mteja, akamwambia asubiri. Akaiweka chini ya taa, akachukua lenzi yake, akamtazama mjukuu wangu toka kisigino hadi utosi kama anavyozitazama zile nyingine, taratibu, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akasema, "Hii haijaguswa. Ipo kama ilivyotoka kiwandani."

Kwa hiyo mkimwogesha tumieni kiganja na maji ya vuguvugu. Dodoki liwekeni mbali.

Mama yako,
Asumpta